Chasisi Haizibwi Kama Mashua

Abelino Teiguel alikuwa na mazoea ya kuisalimu pikapu yake kila asubuhi. Alitoka jikoni na kikombe cha chai ya majani machungu, akasimama barazani, akaiuliza, "Umeamkaje, bibi kizee?" Usimcheke. Mtu aliyekaa peke yake miaka mitatu husalimia chochote kilicho karibu.

Aliishi mwisho wa barabara ya kokoto, ufukweni, katika kisiwa cha Chiloé, kusini mwa Chile. Ni kisiwa cha mvua. Mkewe, Uberlinda, alikuwa makaburini. Binti yao alifanya kazi Punta Arenas, mbali sana, na alipiga simu Jumapili kama mtandao ulikubali. Jirani wa karibu alikaa ng'ambo ya kilima. Zilipita siku nzima Abelino hajasema neno na mtu. Akikohoa, alishtuka kusikia sauti ndani ya nyumba.

Kazi yake ilikuwa mwani. Maji yakipwa, aliteremsha pikapu hadi mchangani, akapakia mwani mbichi kwa uma mrefu, kisha akaupandisha kilimani kuuanika. Kila Alhamisi alikuja mnunuzi na lori. Huyo ndiye mtu pekee ambaye Abelino alikuwa na hakika ya kumwona kila wiki, na hata yeye alikuwa na haraka.

Bila pikapu hakuna mwani. Bila mwani hakuna mnunuzi. Duka, zahanati na kanisa vyote vilikuwa mbali kwa miguu. Kwa hiyo Abelino aliitunza pikapu kwa namna aliyoijua. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, alijilaza chini yake na kopo la oili chafu, akapaka chasisi yote kwa brashi. Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Ni vyuma viwili virefu vilivyolala chini kutoka mbele hadi nyuma, na kila kitu kingine hukaa juu yake. Chasisi ya Abelino ilikuwa nyeusi, inang'aa. Ukiitazama ungesema imetoka kiwandani jana.

Ijumaa moja alipakia mwani mwingi kuliko kawaida, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa mbali. Akapanda mlima kwa gia ya kwanza. Katikati ya mlima akasikia mlio chini yake, kama mtu amevunja kuni kwenye goti. Akasimama, akateremka.

Magurudumu yalikuwa mazima. Injini ilikuwa nzima. Kisha akatazama mwanya kati ya kichwa cha gari, anapokaa dereva, na bodi ya mizigo. Siku zote kiganja chake kilipita pale, juu mpaka chini. Sasa juu hakikupita hata kidole, na chini ilipita ngumi. Gari lilikuwa limebonyea katikati.

Abelino alikuwa na hofu, ila hakuwa mjinga. Alishusha mwani wote kando ya njia, akaisogeza pikapu polepole hadi uani kwake, akazima. Kisha akatembea saa nzima mvuani kwenda kwa Edita Chiguay.

Edita alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, mwenye sauti ya kuongea katikati ya makelele. Alimsikiliza hadi mwisho, akapakia vyombo vyake kwenye gari lake, akamwambia apande. Njiani alimpongeza kwa kutoliendesha gari lile barabarani. Abelino hakukumbuka mara ya mwisho kupongezwa ilikuwa lini.

Walipofika, Edita hakuingia chini ya pikapu hata kidogo. Kwanza aliinua nyuma kwa jeki, akaweka vigingi vinne vya chuma vya kulibeba, akalitikisa gari kuona kama limetulia. Jeki ni ya kuinulia, alisema, si ya kulalia chini yake. Kisha akaosha chasisi kwa maji ya kisima, akaikwangua oili chafu kwa brashi ya waya. Chini ya oili kulikuwa na mchanga na chumvi ya miaka, vimeganda pamoja kama uji uliolala.

"Oili haijakusaidia, mzee," alisema. "Umeipaka juu ya chumvi. Umeifunika chumvi blanketi ili ikile chuma kwa raha."

Kisha akachukua nyundo ndogo. Aligonga chasisi kuanzia mbele, kila baada ya kiganja kimoja, upande wa kulia na wa kushoto. Mbele chuma kililia kwa sauti kali, kama kengele. Alipofika nyuma ya kichwa cha gari, kabla ya magurudumu ya nyuma, sauti ikabadilika. Ikawa nzito na bubu, kama anagonga gogo bovu. Akachukua bisibisi, akasukuma kwa mkono mmoja. Ikazama mpaka kwenye mpini.

Abelino alihisi kama imemchoma yeye.

Chini ya chuma kile kulikuwa na tundu dogo, la kutosha kidole, limezibwa kwa lami. Edita akaichimbua. Maji ya kahawia yakamwagika, yananuka chaza waliooza, yakafuatwa na magamba ya kutu. Yakaendelea kutoka. Edita alikinga kopo la samaki, likajaa, akakinga la pili.

"Nani aliziba hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Abelino akaeleza. Baba yake alikuwa fundi mashua, na babu yake pia. Yeye mwenyewe alijifunza kukalafati, yaani kuziba nyufa za mashua kwa nyuzi na lami, kabla hajajua kusoma. Kwa watu wa kwao tundu chini ya maji ni kifo. Alipoanza kuingiza pikapu ufukweni akaona chini ya chasisi kuna matundu mengi, akasema maji ya bahari yatapita humo. Akayaziba yote, kwa lami nzuri, na kwa mkono wa fundi.

Edita alikaa kwenye tairi, akafuta mikono. "Mzee Abelino, tumefundishwa sote kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini si kila tundu ni ufa. Mashua inatakiwa isiingize maji. Chasisi ya gari hili ni mrija, na maji yataingia tu, kwa juu, penye bolti, penye waya, kila mahali. Haya matundu ya chini yametobolewa kiwandani ili yatoke. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Wewe umezuia pakacha lisivuje. Maji ya chumvi yameingia, yamekosa njia, yamekaa miaka yanakula kutoka ndani. Nje kunang'aa, ndani unga."

Abelino akauliza kama gari limekufa. Edita akagonga tena, akachoma tena kwa bisibisi, kila sehemu. Akasema limeponea chupuchupu. Penye springi pazima, penye usukani pazima. Pameoza sehemu mbili tu, kulia na kushoto, kila moja urefu wa mkono. Hizo zinakatwa, zinawekwa chuma kipya. Ingekuwa imeoza penye usukani, angemwambia auze vipande.

"Ila siwezi kuchomelea na bodi ikiwa juu," alisema. "Lazima iinuliwe ikae pembeni. Winchi sina. Nahitaji watu wanane. Fanya minga."

Minga ni desturi ya watu wa kisiwa kile. Mtu mwenye kazi kubwa hapigi kelele wala hatumi mtu. Anakwenda mwenyewe kwa miguu, nyumba hadi nyumba, anasema: nimekuja kuomba. Watu wanakuja, wanafanya kazi, wanakula kwake. Siku nyingine wao wakiomba, naye anakwenda. Haiandikwi popote, wala haisahauliki.

Abelino alitazama matope. Tangu Uberlinda afe aliombwa mara nne. Kuvuna viazi, kuezeka, kuivuta nyumba ya mbao nzima hadi kiwanja kingine, kuvuna viazi tena. Hakwenda hata mara moja. Uso umeumbwa na haya. Angesimamaje mlangoni kwa watu wale?

"Nitaona," akajibu.

Edita alikuwa amekwisha kuwasha gari lake alipotoa kichwa dirishani. "Kuna gari la mtu mwingine uliloziba hivi?"

Kulikuwa na magari sita. Wakati Uberlinda yuko hai, majirani walileta pikapu zao, na Abelino aliwazibia zote bure, wakamsifu. Moja ilikuwa ya Bi Clorinda Barría, na kila asubuhi ilipeleka wajukuu zake watatu shuleni kwa barabara ya juu ya jabali.

"Langu tu," alisema Abelino.

Ulikuwa uongo, na aliujua hata kabla haujamtoka kinywani.

Siku iliyofuata aliamua kuinua bodi peke yake. Alifungua bolti zote. Akaweka jeki pembe moja, akainua, akasukumia gogo. Pembe ya pili vivyo hivyo. Akaingia chini kuona kama waya zimeachia. Gogo lilikuwa limelowa, likateleza. Bodi ikashuka.

Haikumgusa. Ukingo ulinasa kwenye tairi, ukasimama kiganja kimoja juu ya kifua chake. Abelino akalala pale, matope mgongoni, mvua inalia juu ya bati. Akahesabu siku, kama ingemwangukia. Kesho Jumapili binti yake angepiga simu, asipojibiwa angesema ni mtandao. Jumatatu hakuna mtu. Jumanne hakuna mtu. Jumatano hakuna mtu. Alhamisi mnunuzi angekuja, asione mwani ulioanikwa, apige honi mara mbili, ageuze lori.

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kuogopa kufa. Alilia kwa sababu hakumpata hata mmoja ambaye angesema, mbona Abelino haonekani. Na akiwa bado amelala akawaza watoto watatu juu ya jabali, na lami yake chini yao.

Akajivuta nje taratibu, akanawa uso, akavaa koti la Jumapili, akapanda kilima.

Bi Clorinda alikuwa na miaka sabini na magoti mabovu. Alimfungulia, akamkalisha karibu na jiko la kuni, akampa kikombe cha chai. Abelino alikunywa mpaka mwisho.

"Nimekuja kuomba," alisema.

"Na sisi tulikuomba," alisema Bi Clorinda. "Nilikuja mwenyewe na magoti haya. Nilikuona dirishani, Abelino. Ukavuta pazia."

"Sikuwa na la kusema kwa watu, Bi Clorinda. Tangu afe sikuwa na neno."

"Hatukuja kuomba maneno. Tulikuja kuomba mikono."

Abelino aliinamisha kichwa. Angeweza kuishia hapo, aombe msamaha, ajibiwe haya yameisha, aondoke. Lakini akasema, "Kuna jingine. Kesho kutwa wajukuu wasipande lile gari." Akaeleza yote: lami, maji, bisibisi iliyozama mpaka kwenye mpini. Hakujipunguzia kosa.

Bi Clorinda aliinuka kitini. Kisha akamwita mkwewe, Heraldo, akamwambia alete tochi na bisibisi. Walitoka wote watatu. Heraldo alichimbua lami ya kwanza, maji ya kahawia yakamwagikia mkononi. Abelino akagonga kwa nyundo, kiganja hadi kiganja, kama alivyoona kwa Edita. Chuma kilikuwa kinalia. Kutu ilikuwa imeanza, lakini chuma bado kilikuwa kizima.

"Umekuja mapema kuliko shetani," alisema Bi Clorinda. "Heraldo atakuja kwenye minga yako. Na mimi nitakuja kukukemea ukipika vibaya."

Aliingia nyumba zote sita, siku mbili, mvua haikukatika. Kila nyumba alianza kwa kusema kosa lake, ndipo akaomba. Wengine walinuna, wengine walimtania kwamba kumbe yuko hai. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Delmiro Vera. Chasisi yake ilikuwa imeoza palepale usukani ulipofungwa. Edita alipoitwa kuikagua alitikisa kichwa. Hiyo haichomelewi, alisema, hata kwa maombi. Delmiro hakutukana. Alimtazama Abelino, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatano, siku ya minga, walikuja watu tisa. Walishika bodi pande zote, Heraldo akahesabu, wakaiinua na kuiweka juu ya magogo kabla Abelino hajapata pa kushika.

Edita alifanya kazi huku akieleza, maana watano kati ya wale walikuwa na pikapu za namna ile. Alitoa waya za betri kwanza, ili umeme wa kuchomelea usiharibu vifaa. Akashusha tangi la mafuta, akalipeleka mbali. Akaweka vigingi chini ya chasisi kila baada ya hatua moja. Kisha akainua polepole katikati palipobonyea, akapima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia. Kamba zilipolingana ndipo aliposema sasa tunaweza. Ukichomelea chuma kilichopinda, alisema, umekipindisha milele.

Alikata palipooza kwa grenda hadi akafika kwenye chuma cheupe. Mtu mmoja akamuuliza kwa nini asipachike tu kiraka juu. Akasema kuchomelea juu ya kutu ni kushona kiraka kwenye karatasi iliyolowa. Chuma kipya kilikuwa na unene uleule wa zamani. Chembamba kingepasuka. Kinene mno kingehamishia ufa pembeni yake. Juu ya maungio aliongeza bamba la kuimarisha, na miisho yake aliikata kwa mshazari, yenye ncha, si wima. Alisema mwisho ulio wima hukusanya mzigo wote kwenye mstari mmoja, na gari huvunjika hapohapo. Na hakuchomelea mfululizo. Alichoma kidogo hapa, akahamia upande mwingine, akangoja pakapoa, ili joto lisikunje chuma.

Mwisho alipaka rangi ya kuzuia kutu nje. Ndani, kilipokauka kabisa, alinyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Kisha akapitisha bisibisi kwenye kila tundu la chini, moja moja, kuhakikisha liko wazi.

"Haya ndiyo masharti," alimwambia Abelino mbele ya wote. "Ukitoka ufukweni, osha kwa maji ya kisima, chini na ndani, siku hiyohiyo. Mwani uache uchuruzike mchangani kwanza, ndipo upakie. Kila mwaka gonga kwa nyundo. Na lami iache kwenye mashua."

Walikula kwake. Abelino alikuwa amepika supu ya nyama na mikate ya viazi, na Bi Clorinda aliikemea chumvi kama alivyoahidi. Walizungumza kwa sauti, wakaacha matope sakafuni, wakaondoka kabla giza halijaingia. Nyumba ikanyamaza. Abelino aliosha sahani kumi na tano, kwa maana wengine walikula mara mbili kwa sahani mpya. Aliziosha polepole, moja baada ya nyingine, na alipomaliza akasikitika kwamba zimekwisha.

Mwezi uliofuata pikapu ilipita kwenye kituo cha ukaguzi wa magari. Mkaguzi aliichungulia chini, akauliza nani amefanya kazi ile. Majirani wanne walisafisha matundu ya magari yao na kupaka nta. Gari la wa tano lilichomelewa kidogo na Edita. Heraldo aliendelea kupeleka watoto shuleni kwa barabara ya jabali, na kila Jumamosi Abelino alipanda kilima kugonga chasisi yake kwa nyundo, ingawa mara moja kwa mwaka ingetosha. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Ila Delmiro hakuonekana. Abelino alipita mbele ya nyumba yake akapunga mkono, hakuna aliyejibu. Lile lilimuuma, na aliona ni haki yake kuumwa.

Mavuno ya viazi yalipofika, asubuhi moja mtu alisimama langoni kwake. Hakubisha hodi. Abelino alitoka na kikombe mkononi, akamwona Delmiro, amelowa, kofia imeshuka machoni. Alikuwa amekuja kwa miguu. Hakuwa na njia nyingine.

"Jumamosi tunavuna," alisema Delmiro. "Magunia themanini. Gari sina, na unajua kwa nini."

"Najua."

"Basi nimekuja kuomba."

Abelino alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga miezi yote ile, usiku na mchana. Akauliza tu, "Saa ngapi?"

"Alfajiri." Delmiro akageuka kuondoka. Akafika barabarani, akasimama. "Na usije na lami."

Abelino akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichochakaa kwa kukosa matumizi, lakini Delmiro alikisikia, kwa maana mabega yake yalitikisika. Jumamosi Abelino alifika shambani kabla ya mwenye shamba.